Kushoto na Kulia Mpakani Luapula

Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, iko karibu na mto Luapula, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold II ndiyo yaliyoufanya mto huo kuwa mpaka. Magari yalipokuja, kila upande ulifuata desturi ya mtawala wake: huku kushoto, kule kulia. (Mwalimu atakumbuka kuwa amri ya Kiingereza ya kushika kushoto ndiyo iliyowapa Watanzania kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, na wingi wake vipilefti!)

Msafiri aendaye Mufulira kwa njia ya mkato huvuka Chembe, ambako tangu mwaka 2008 daraja limekomesha kivuko, akakata pembe ya Kongo kwa kilomita zipatazo 70 hadi Mokambo. Avukapo huhamia kulia. Atokapo hurudi kushoto. Kushika upande si kazi kubwa. Kazi ni kulipita gari la mbele. Zambia hulipita kwa kulia. Katika pembe ile hulipita kwa kushoto, na usukani wake ungali kulia. Nyuma ya lori haoni ila ukingo wa barabara. Gari lijalo huonwa kwanza na abiria aliyeketi kushoto kwake, naye ndiye amwambiaye: pita, au ngoja.