Mtani na Ufagio

Japani kuna kampuni zinazoishi kwa vifo vya wazee wapweke. Mzee akifia chumbani pasipo mtu kujua, wanakuja wafanyakazi wenye barakoa na glavu, wanatoa godoro, wanakwangua sakafu, kisha wanatoza. Huku Lulindi, kati ya Masasi na Newala, kazi ya aina hiyo ilikuwa na mwenyewe tangu zamani: mtani.

Kwa desturi ya makabila mengi ya Tanzania, mtani ndiye huchimba kaburi, hubeba maji, hufagia uwanja. Mfiwa hashiki kitu. Wala mtani hafanyi bure. Anaficha kiatu cha marehemu mpaka kikombolewe, anaigiza kikohozi chake, na mjane anajikuta anacheka huku machozi yakimtoka.

Mwaka 1944 R. E. Moreau, aliyekuwa Amani (mtaalamu wa ndege, si wa watu), alichapisha makala juu ya utani Tanganyika. Aliona kwamba makabila mengi yanayotaniana yaliwahi kupigana. Kwa kusini hilo halinishangazi. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Wagwangwara, waliivamia misheni ya Masasi, wakaua na kuteka watu. Misheni ikahamia Newala. Leo Wangoni wana watani tele. Nadhani baada ya vita lazima apatikane mtu wa kuingia chumba ambacho ndugu hawezi kukitazama, na adui wa jana ana macho makavu.

Lakini utani unataka watu wakae karibu, na wawe na cha kutozwa. Miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwatoa wakulima kwenye mikorosho yao. Bei ilikuwa duni, ubwiriunga ukashambulia maua. Korosho za Tanzania zikaporomoka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Utamtoza nini mfiwa ambaye ghala lake lina majani makavu? Vijana wakashuka Dar es Salaam.

Huko, mpangaji akifia chumbani, mwenye nyumba hana muda wa kusubiri mtani atoke Newala, kodi inakatika. Anatafutwa kijana wa mtaani wa kutoa godoro na kupiga deki kwa dawa. Bei hupatanwa mlangoni, kabla hajaingia.