London Hadi Johannesburg: Kilomita au Saa?

Juma lililopita kijana mmoja wa chumba chetu cha habari alinijia na daftari lake. "Mzee, kutoka London hadi Johannesburg ni mbali kiasi gani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Saa 11." Akacheka. Yeye alitaka kilomita, nazo ni kama 9,000 kwa njia iliyonyooka. Nikabaki najiuliza, tangu lini saa zikawa kipimo cha umbali?

Maana kilomita hizo hazijapungua hata moja. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape Town, safari ilichukua takriban siku 11. Aghalabu ndege iliruka mchana, na usiku abiria wakalala hotelini. Ilitua Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha ikaendelea kusini. Naam, Dodoma na Mbeya! Leo abiria huyo analivuka bara zima akiwa usingizini.

Mei 2, 1952 mambo yakageuka. Siku hiyo Comet, ndege ya Waingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa jeti ya kwanza duniani kuanzisha safari za kawaida za abiria. Ilipitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Pale Entebbe uwanja ulikuwa umekwisha kupanuliwa na njia yake kurefushwa ili kuipokea. Pamoja na vituo vyote hivyo, ilifika katika muda usiotimia saa 24. Siku nyingi zilikuwa zimekuwa moja.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 10, 1954, ndege ile ile iliyofungua njia ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, ikitokea Rome. Watu wote 35 walikufa. Comet zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho ya kubahatisha, na Machi 23 zikarudishwa angani. Chanzo cha ajali kilikuwa hakijajulikana! Aprili 8 nyingine, iliyokuwa safarini kutoka London kwenda Johannesburg, ikaanguka baharini kusini ya Naples. Watu 21 wakaangamia.

Mimi siwacheki mafundi. Jambo lililowaua abiria wale lilikuwa halijaeleweka vyema. Jeti huruka juu sana, kwenye hewa nyepesi, hivyo ndani hujazwa hewa ili watu wapumue. Kila safari bodi hutanuka na kunywea. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mara nyingi, utaona unavyokatika. Wachunguzi wa Farnborough waliitumbukiza bodi ya Comet katika tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza mgandamizo tena na tena, mpaka bodi ikachanika penye tundu la dirisha. Nyufa zilianzia kwenye pembe.

Lakini wale walioruhusu safari za Machi siwezi kuwatetea. Abiria 14 na wahudumu 7 waliingia ndani ya chombo ambacho hakuna aliyejua ugonjwa wake, kwa sababu njia ya Johannesburg ilikuwa na ratiba.

Comet mpya, yenye bodi nene zaidi, ilianza kazi mwaka 1958. Mwaka 1960 East African Airways nayo ikaanza kuirusha kati ya Nairobi na London. Madirisha yake yalikuwa ya mviringo.