Kinachoandikwa mgongoni: historia ya majaketi ya marubani, kwa maharusi wetu

Huku kwetu Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na jaketi la ngozi si la mashauo tu. Siku hizi maharusi wanatuletea majaketi ya mitumba waliyochagua soko la Memorial pale Moshi, wanataka tuyachore mgongoni: jina, tarehe ya nikahi, mabawa kama ya rubani. Sisi mafundi wa cherehani tukaona ni vizuri tujue mtindo huu umetoka wapi. Kumbe una historia nzito, na kipande chake kimoja kimepita hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na jaketi lenyewe. Mwaka 1931 jeshi la anga la Marekani lilipitisha jaketi lililoitwa A-2. Lilishonwa kwa ngozi ya farasi, na mengine kwa ngozi ya mbuzi. Lilikuwa na zipu mbele, kola kama ya shati, mifuko miwili, na kitambaa cha kufuma kinachovutika kwenye mikono na kiunoni ili upepo usiingie. Ilikuwa sare ya kazi. Urembo haukuwemo.

Urembo uliletwa na vita. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kimarekani waliorushwa kutoka Uingereza kwenda kupiga mabomu Ujerumani walikuwa wakihesabu safari. Mwanzoni aliyemaliza safari 25 aliruhusiwa kurudi nyumbani, na wengi hawakuzifikisha. Kwa hiyo kila safari waliichorea bomu dogo kwenye jaketi, safu kwa safu, na juu yake wakaandika jina la ndege yao. Wachoraji walikuwa askari wenzao, baadhi yao mafundi wa mabango kabla ya vita. Walitumia rangi ya mafuta au rangi yoyote iliyopatikana kambini, wakalipwa chochote. Wengi walinakili picha za wasichana waliovaa nusu uchi kutoka magazeti kama Esquire. Hapo sisi tunafunika macho na kuendelea na somo.

Somo lenyewe ni hili. Mwishoni mwa 1943 Wajerumani walimkamata mwanajeshi wa anga wa Kimarekani ambaye jaketi lake lilikuwa na maandishi mgongoni: Murder, Inc. Lilikuwa jina la ndege, lililochukuliwa kwa genge la wauaji wa kukodiwa wa New York. Kwa vijana wale ulikuwa utani. Magazeti ya Ujerumani yakachapa picha ya mgongo ule na kuwaambia watu: oneni, wenyewe wamekiri kuwa ni wauaji. Maneno yaliyochorwa kwa kicheko yakawa ushahidi mkononi mwa adui.

Sisi tuliolelewa na kanga hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na ni jina linalofanya mama mkwe akupende au akununie. Mwanamke wa pwani hanunui kanga kabla ya kusoma jina lake, maana anajua maneno yakishakaa mwilini hutangulia kufika kuliko mwenyewe. Jaketi lililochorwa ni kanga ya ngozi, ila hili hulivui ukafua rangi ikatoka.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1938 kijana wa Kiingereza aitwaye Roald Dahl alikuja Dar es Salaam kufanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipoanza 1939 alikwenda Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, na huko huko Nairobi akajifunza kurusha ndege ndogo za Tiger Moth. Baadaye alianguka na ndege jangwani, akapona, akapigana Ugiriki, kisha 1942 akapelekwa Washington. Huko akaandika kitabu cha watoto, The Gremlins, kilichotoka 1943 kwa ushirikiano na Walt Disney. Kinasimulia vijitu vinavyoharibu ndege za marubani. Vile vya kike vinaitwa fifinella.

Mwaka huo huo Marekani ilikuwa na kikosi cha wanawake marubani kilichoitwa WASP. Wakaomba ruhusa kwa Disney wamtumie Fifinella kuwa nembo yao: kibinti mwenye mabawa na miwani ya rubani. Wakambandika kwenye majaketi yao ya ngozi. Kwa hiyo jina la kibinti aliyekaa kifuani mwa wanawake wale Texas lilitoka kwenye kitabu cha mtu aliyejifunza urubani Nairobi.

Wanawake walioomba kujiunga walikuwa zaidi ya 25,000. Waliohitimu ni 1,074. Walitoa ndege viwandani na kuzipeleka kambini, walijaribu ndege zilizotoka matengenezo, na walivuta shabaha angani huku askari wa chini wakijifunza kulenga kwa risasi za kweli. Wanawake 38 walikufa. Lakini serikali iliwahesabu kuwa raia, si wanajeshi. Mmoja akifa, jeshi halikulipa gharama za kumrudisha kwao, wala jeneza lake halikustahili bendera. Wenzake walichangishana. Dada, sisi tunaojua maana ya daftari la michango ya msiba, tulipofika hapo tulinyamaza kidogo.

Kikosi kilivunjwa Desemba 1944. Walisubiri mpaka 1977 ndipo sheria ikawatambua kama wanajeshi, na 2010 wakakabidhiwa medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani, wengi wakiwa wameshatangulia. Miaka zaidi ya 30 ushahidi wao ulikuwa kumbukumbu, picha, na jaketi lililokunjwa sandukuni.

Ndiyo sababu biharusi akija na jaketi hatukimbilii brashi. Kwanza tunakagua ngozi. Majaketi ya mitumba mengine ni ya nguruwe, hasa ya suedi na vipande vya bitana. Angalia vitundu vya vinyweleo: vya nguruwe hukaa vitatu vitatu, kama mafiga. Likiwa hilo, tunalirudisha. Likiwa la ng'ombe, mbuzi au kondoo, tunafuta ule mng'ao wa kiwandani kwa kitambaa chenye asetoni, tunaacha likauke, kisha tunapaka rangi ya akriliki tabaka nyembamba nyembamba. Rangi nene hupasuka mtu akiinama.

Pili, tunazungumza mchoro. Wanazuoni wengi hawaruhusu kuchora kiumbe chenye roho, basi sisi tunachora mlima wenye theluji, ua la kahawa, mkarafuu, mabawa matupu. Jina la Mwenyezi Mungu na aya hatuandiki, maana jaketi huingia nalo mtu hata chooni.

Tatu, maneno. Wengi wanataka jina la bwana peke yake. Ni zuri, Allah awadumishe. Lakini tunawaomba waweke na lao: jina la biharusi, na kazi ya mikono yake kama anayo, awe mwalimu, muuguzi, mpishi wa maandazi au mkulima wa migomba. Wale wanawake 38 walistahili kuandikwa wakiwa hai. Wewe una nafasi hiyo leo, na brashi tunayo. Njoo na jaketi lako, njoo na neno ulilolifikiria, na kabla hatujachovya rangi tutakuuliza mara ya mwisho: binti yako akilikuta sandukuni, utapenda asome nini?