Bakora Nyumbani: Chimbuko Lake ni Nini?

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009, Bara na Zanzibar, ulionesha kuwa karibu vijana 3 katika kila 4 walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Iwe Kabanga, Ngara, mpakani na Burundi, au kwetu visiwani, mara nyingi chanzo si kosa la mtoto pekee: mzazi naye alilelewa kwa bakora, riziki imebana, au mume na mke wanapigana. Anas (Radhiya Allaahu 'anhu) alimtumikia Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) miaka 10 tangu utotoni, wala hakukaripiwa. Tunawanasihi wazazi: hasira zikipanda, kaa kitako kwanza, kama tulivyofunzwa, kisha zungumza na mwanao.