Alfa, beta na gama: Kaboni zinavyotambuliwa kando ya kabonili

KATIKA kemia ya kaboni, nafasi ya atomu ndani ya molekuli hutajwa kwa kuangalia umbali wake kutoka kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikamana na oksijeni kwa vifungo viwili. Kaboni ya kabonili yenyewe haipewi herufi. Inayopakana nayo huitwa alfa, inayofuata beta, kisha gama na delta, kwa mfuatano wa herufi za Kigiriki.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa majina rasmi ya kimataifa hutumia namba, na katika asidi za jamii hii namba 1 ni kaboni ya kabonili yenyewe. Hivyo alfa ni namba 2 na beta ni namba 3. Katika ketoni herufi huhesabiwa pande zote mbili. Asetoni, maji yanayotumika kufutia rangi ya kucha, ina kaboni mbili za alfa na haina beta hata moja.

Kukosea nafasi moja si jambo dogo. Asidi ya butiriki ina kaboni 4. Kundi la haidroksili likikaa kwenye beta, hupatikana kemikali ambayo ini la binadamu huitengeneza kutokana na mafuta wakati wa njaa, na ambayo ikizidi mno katika damu ya mgonjwa wa kisukari huwa dalili ya hatari. Kundi hilo hilo likihamia gama, hupatikana GHB, dawa iletayo usingizi mzito, ambayo wahalifu wamekuwa wakiitia kwa siri katika vinywaji vya watu. Mwaka 2001 iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Atomu za kemikali hizo mbili ni zile zile, kwa idadi ile ile.

Mwili nao huijua beta. Mwaka 1904, Mjerumani Franz Knoop aliwalisha mbwa asidi za mafuta zilizofungwa pete ya benzini mwishoni, akachunguza mkojo wao. Mabaki yalionyesha kwamba mnyororo hukatwa kaboni mbili kila mara, baada ya kaboni ya beta kuunguzwa kwa oksijeni.