Kasri la Unguja na Sisi Watu wa Ruvuma

Watu wengi wa Mtwara wakisikia habari za kasri la Sultani wa Unguja huyaona kuwa mambo ya mbali. Husema, "Hayo ni ya Unguja, sisi wa Kusini yatuhusu nini?" Makala hii fupi yataka kuonyesha kwamba yatuhusu sana. Mwanafunzi wa Chikongola aingiapo katika jumba lile haingii kama mgeni aliyekuja kutazama viti vya dhahabu. Aingia kama mrithi aliyekuja kukagua hesabu za wazee wake.

Kwanza tulieleze jumba lenyewe kwa wale ambao hawajafika. Liko Mji Mkongwe, limeielekea bahari. Sayyid Said bin Sultan alijenga mahali hapo kasri lililoitwa Beit al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Baadaye majumba ya kifalme yakawa matatu, likiwamo Beit al-Hukm, na lile mashuhuri la Beit al-Ajaib alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akashika kiti bila ya idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga. Kabla ya saa nzima kwisha mambo yalikuwa yamekwisha, na watu wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa, na Beit al-Sahel pia likabomolewa. Kasri tulionalo leo lilijengwa baada ya vita hiyo fupi.

Masultani waliendelea kulitumia mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Sultani Jamshid bin Abdullah alipokimbia nchi. Baada ya hapo likaitwa Kasri la Watu, likatumika kwa ofisi za serikali. Mwaka 1994 likafanywa makumbusho.

Makumbusho yale yalipangwa kwa ghorofa. Chini yamewekwa mambo ya mwanzo wa usultani, pamoja na mikataba ya biashara na Marekani ya mwaka 1833, Uingereza ya mwaka 1839 na Ufaransa ya mwaka 1844. Hapo pia kuna chumba cha Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake. Ghorofa ya kati ni ya enzi ya utajiri, wakati wa Barghash, maji ya mfereji na umeme vilipoingia. Juu kabisa ni makazi ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, pamoja na samani za wake zake wawili.

Sasa tuulize swali la mwanafunzi wa historia: mali hiyo ilitoka wapi? Sehemu ilitoka katika karafuu za Unguja na Pemba, zilizolimwa na watumwa. Sehemu nyingine ilitoka katika ushuru wa forodha wa pwani yote, na humo ndimo sisi tulimo. Pembe za ndovu na sandarusi zilishuka bandarini Mikindani, Lindi na Kilwa. Watu pia walishushwa. Wayao, Wamakua, Wangindo na watu wa Ziwa Nyasa waliletwa pwani kwa minyororo, na wengi wakapakiwa majahazini kwenda Unguja, ambako kila kichwa kilitozwa ushuru. Na ule mkataba wa Marekani si karatasi tu. Kitambaa kilichokuja kwa biashara hiyo babu zetu walikiita merikani, na ni kitambaa hicho kilichonunua pembe na watu huko bara.

Lipo jambo moja la mwaka 1866 ambalo lafaa kila mwanafunzi wetu alijue. Mwaka ule ule Salme alipoondoka Unguja, David Livingstone naye aliondoka huko mwezi Machi, akiwa na barua ya Sultani Majid ya kumtambulisha kwa watu wake. Alishuka Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma kwenda bara. Mwezi Juni, njiani, aliona maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, kwa sababu alishindwa kwenda pamoja na wenzake. Mtu huyo alikuwa na barua ya kasri mkononi, na mbele ya macho yake gharama ya kasri. Nadhani hakuna maelezo mafupi zaidi ya uhusiano wetu na jumba lile.

Lakini tusiseme uongo kwa ajili ya kujifurahisha. Si Waarabu peke yao waliofanya biashara hiyo. Misafara mingi iliongozwa na Waafrika wenzetu, Wayao wakiwamo, na machifu wa bara waliwauza watu wao na watu wa jirani zao. Matajiri wa Kihindi walitoa mikopo, na meli za Ulaya na Marekani zilibeba pembe na karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na Barghash alitia sahihi kwa kulazimishwa na Waingereza.

Tena kasri lile ndilo lililouza pwani yetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mali ya Sultani huku bara ni ukanda wa maili kumi tu, kuanzia ghuba ya Tungi, kusini ya mlango wa Ruvuma, hadi Kipini. Mwaka 1887 Wareno wakaichukua Tungi kwa nguvu. Mwaka 1888 Sultani akawapangisha Wajerumani sehemu ya ukanda huo, kutoka Ruvuma hadi Umba. Wananchi wakakataa, wakati Abushiri anapigana Pangani, maofisa wa kampuni ya Kijerumani walifukuzwa Lindi na Mikindani pia. Wajerumani walirudi na majeshi mwaka 1890, na mwaka huo huo Sultani akalipwa marki milioni nne, pwani ikawa yao moja kwa moja. Aliyeuza alikuwa Unguja, aliyenunua alikuwa Berlin, na mvuvi wa Msimbati hakuulizwa na yeyote.

Wapo wasemao kwamba jumba la namna hiyo lingefaa kuachwa libomoke. Mimi sikubali. Ukilibomoa kasri unaondoa ushahidi, na aliyeonewa ndiye anayehitaji ushahidi kuliko aliyeonea. Vilivyomo mle ni vitu vya wenye nyumba: vitanda vyao, vioo vyao, picha zao. Mpagazi hakuacha kiti. Kwa hiyo ni wajibu wa mtazamaji kuyajua mambo ya mpagazi kabla ya kuingia, ayasome yale yasiyoandikwa ukutani. Asiyejua historia yake atatoka mle akisifu mbao tu.

Tena majengo hayangoji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jirani wa kasri, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Sisi nasi tusicheke. Pale Mikindani boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilipata bahati ya kukarabatiwa likawa hoteli, lakini nyumba nyingi za mawe na chokaa zimekwisha kuwa magofu, na mibuyu inaota ndani yake.

Basi nawaomba wenzangu tuliomaliza, tunapokutana tusiishie kwenye pilau na kukumbushana viboko. Tuchange nauli, kikundi cha wanafunzi kipande basi hadi Dar es Salaam na boti hadi Unguja. Ulizeni kwanza kama milango i wazi, maana majengo ya kale hufungwa kwa matengenezo. Na ninyi mlioko madarasani, kabla ya safari nendeni Mikindani, Msimbati na Kitaya mkawaulize wazee: nani katika ukoo wenu alichukuliwa, nani alichukua, na nani alirudi? Andikeni majibu daftarini, yawe mabaya au mazuri. Kisha daftari hilo mwende nalo katika kasri, mlifungue mbele ya mikataba ile, na kulinganisha.