Maua ya Brueghel, Watoto wa Rubens

Antwerp ya mwanzoni mwa karne ya 17 haikuona haya picha moja kuchorwa na mafundi wawili. Jan Brueghel alikuwa bingwa wa maua, na Peter Paul Rubens wa miili ya watu. Tajiri aliyevitaka vyote viwili alilipia mikono miwili, kisha akajigamba nayo mbele ya wageni.

Aina iliyovuma zaidi ni picha za koja: Bikira Maria na Mwanawe katikati, maua yamewazunguka. Mmoja wa wateja wa mwanzo kabisa alikuwa Kardinali Federico Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano. Mnamo 1608 Brueghel alimchorea koja, na Hendrick van Balen akamweka Maria ndani yake.

Ni rahisi kudhani kwamba mchora maua alikuwa mpambaji tu wa kazi ya mkubwa. Sivyo. Brueghel alitaka kuchora ua lililo mbele ya macho yake, na mwaka 1606 alifunga safari hadi Brussels kwa ajili ya maua ambayo Antwerp hayakuwepo. Tulipu huchanua mapema, waridi hufuata baadaye, kwa hiyo picha moja ingeweza kukaa miezi kadhaa ikingoja msimu. Rubens, aliyesifika kwa kasi ya brashi, naye akingoja.

Tazama koja lao lililoko jumba la Alte Pinakothek, Munich, la miaka ya 1616 hadi 1618 hivi. Maria amewekwa ndani ya fremu, kana kwamba ni picha iliyotundikwa ndani ya picha. Watoto 11 wenye mabawa wanalibeba koja lililomzunguka. Sogea karibu uangalie vidole vyao: ni vya Rubens, lakini maua vinayoyashika ni ya Brueghel, na mshono hauonekani. Picha takatifu kuheshimiwa hivyo halikuwa jambo dogo katika mji ambao mwaka 1566 Waprotestanti waliingia makanisani na kuvunja sanamu.

Wawili hao walikuwa marafiki hasa. Rubens aliandika barua za Kiitaliano kwa niaba ya Brueghel, hata mwenzake akamwita katibu wake. Brueghel alipofariki mwaka 1625, pamoja na watoto wake watatu, Rubens alikuwa miongoni mwa walezi wa waliobaki.

Mtindo ulirithiwa na mwanafunzi wa Brueghel, Bruda Daniel Seghers wa shirika la Wajesuiti. Yeye alichora koja, akaacha uwazi katikati, kisha Cornelis Schut au Erasmus Quellinus akaujaza kwa watu. Shirika halikuziuza picha hizo. Liliwazawadia wakuu, na nyumba ya kifalme ya Orange ikarudisha shukrani kwa vifaa vya uchoraji vya dhahabu. Seghers aliweka orodha ya kazi zake, zipatazo 239, akitaja kila moja ilikwenda kwa nani.